Protini za saratani ya ini: namna ya kusoma karatasi ya majibu

Tuseme karatasi ya maabara ina mstari unaosomeka hivi: AFP 312 ng/mL. Pembeni pameandikwa kiwango cha kawaida, chini ya 10, na mbele yake pana herufi H kuonyesha kwamba kimezidi. Mwenye karatasi anapiga hesabu na kuona 312 ni zaidi ya mara 30 ya kinachotakiwa. Anaingia kwenye simu, anatafuta zile herufi tatu, na jibu la kwanza analokutana nalo ni saratani ya ini. Daktari bingwa atamwona baada ya wiki mbili, na wiki hizo mbili hatalala.

Sasa mpe mtu mwingine namba hiyo hiyo. Kwa mama mwenye mimba ya miezi saba, 312 inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kwa mtoto wa miezi miwili, vilevile. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye korodani moja iliyovimba na kuwa ngumu, inamwelekeza daktari kwenye saratani ya korodani, ambayo kwa wengi hupona ikitibiwa mapema. Kwa mtu ambaye homa ya ini B imemlipukia mwezi huu, macho ya njano na mkojo mweusi, inaweza kushuka yenyewe ini likitulia. Na kwa mwanamume wa miaka 45 mwenye kirusi cha homa ya ini B tangu utotoni, ambaye altrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita tano kwenye ini, 312 ni jambo la kushughulikiwa wiki hii, bila kungoja wiki mbili.

Namba ni moja na watu ni watano, kila mmoja na maana yake. Protini zinazopimwa kutafuta saratani ya ini, ziwe za kwenye damu au za kwenye kinyama kilichokatwa, hujibu tu swali lililoulizwa kuhusu mtu fulani. Anayezisoma bila kumjua mtu huyo huweza kumtia hofu mzima, au kumpa mgonjwa matumaini ya uongo.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini. Ni protini ya mtoto aliye tumboni. Hutengenezwa na kifuko cha kiini kinachomlisha kijusi mwanzoni, kisha na ini lake changa, na katika damu yake hufanya sehemu ya kazi ambayo kwa mtu mzima hufanywa na albumini. Mtoto huzaliwa nayo kwa wingi, makumi ya maelfu ya nanogramu kwa kila mililita ya damu, kisha ini huizima polepole hadi anapofika mwaka mmoja hivi. Mwaka 1963 mtafiti wa Moscow, Garri Abelev, aliikuta kwenye damu ya panya wazima waliokuwa na saratani ya ini. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu wenye ugonjwa huo. Seli ya ini ikishageuka kuwa ya saratani, inaweza kurudia tabia za utoto wake na kuanza tena kutengeneza kile ilichoacha zamani.

Lakini si saratani peke yake inayoiamsha. Ini ni kiungo kinachojijenga upya. Likiumizwa na kirusi, pombe au sumu, seli zilizobaki hugawanyika kuziba pengo, na katika kujijenga huko baadhi yake hutoa AFP. Ndiyo maana mtu mwenye homa ya ini B iliyochachamaa, au mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kuwa na AFP ya 50, 150, hata mamia, bila uvimbe wowote. Hapa daktari hutazama mwendo wa namba kuliko namba yenyewe. Mgonjwa aliyeanza tenofovir, dawa ya kudhibiti kirusi cha B, akashuka kutoka 180 hadi 60 hadi 12 anaonyesha ini linalopoa. Aliyekuwa na 12, akaja na 35, kisha 90, huku vimeng'enya vya ini vimetulia na kirusi kimedhibitiwa, anahitaji kupigwa picha ya ini haraka, ijapokuwa 90 ni ndogo kuliko ile 180 ya mwenzake. Tena kwa mtu aliye kwenye dawa kipimo hiki huaminika zaidi, kwa kuwa ule uchochezi wa ini uliokuwa ukivuruga namba umeondolewa.

Kwa hiyo karatasi za zamani zina thamani. Zitunze zote kwenye bahasha moja, na jitahidi kupima maabara ile ile, maana mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba zisizolingana kwa damu moja. Angalia pia kipimio. Maabara nyingi huandika nanogramu kwa mililita, nyingine huandika IU kwa mililita, na IU moja ni sawa na nanogramu 1.2 hivi. Mtu aliyetoka 100 ya kipimio kimoja kwenda 83 ya kingine hajashuka hata kidogo.

Viwango vitatu hutajwa mara nyingi. Cha kwanza ni 20: kwa mtu aliye katika hatari, AFP ikifika hapo au ikawa inapanda, miongozo mingi inataka apigwe picha kamili ya ini. Cha pili ni 400: kwa mtu mzima asiye na mimba na asiye na uvimbe wa korodani au ovari, mwenye ini lililoathirika na uvimbe unaoonekana, kiwango hiki huongeza sana uzito wa dhana ya saratani. Cha tatu ni 1,000, ambacho huwahusu wachache wanaofikiriwa kupandikizwa ini. Marekani mgonjwa mwenye hepatoma na AFP inayozidi hapo hupewa kwanza matibabu ya kuishusha, kwa sababu uwezekano wa saratani kurudi kwenye ini jipya ni mkubwa mno. Hepatoma ndilo jina la saratani inayoanzia kwenye seli zenyewe za ini, na ndiyo sehemu kubwa ya saratani zote zinazoanzia kwenye kiungo hicho.

Upande wa pili ndio unaoua watu kimyakimya. Kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya watatu wa hepatoma ana AFP ya kawaida, na uvimbe ukiwa bado mdogo, wakati ambapo unaweza kukatwa na kuondolewa, idadi hiyo huwa kubwa zaidi. Anayeambiwa "AFP yako safi, nenda nyumbani" bila altrasaundi hajachunguzwa. Altrasaundi nayo peke yake haitoshi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wenye sirosisi, ulionyesha kwamba altrasaundi pekee ilinasa asilimia 45 ya saratani za mapema, na ilipoongezwa AFP ikanasa asilimia 63. Bado theluthi nzima iliponyoka, lakini kutoka 45 hadi 63 ni watu wengi wanaowahi upasuaji.

Utaratibu unaopendekezwa ni altrasaundi pamoja na AFP kila baada ya miezi 6, kwa walio katika hatari. Hao ni wenye sirosisi ya sababu yoyote, na sehemu ya wenye homa ya ini B hata kama ini halijawa na makovu, hasa ambao mzazi au ndugu wa damu aliugua saratani ya ini. Watu wa asili ya Afrika wenye kirusi cha B huwekwa kwenye kundi la kuanza mapema kuliko Wazungu, na sababu iko wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa hepatoma kutoka nchi tisa za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwemo. Misri, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58 na muda wa kati wa kuishi baada ya kugunduliwa ulikuwa miezi 10.9. Katika zile nchi nyingine umri ulikuwa miaka 46 na muda wa kuishi miezi 2.5. Hao ni watu wenye watoto shuleni. Wengi wao walikuwa na kirusi cha B, na walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Kwamba kufuatilia huku kunaokoa maisha si dhana tu. Jijini Shanghai, China, watu 18,816 wenye umri wa miaka 35 hadi 59 waliokuwa na homa ya ini B, au waliowahi kuugua ini kwa muda mrefu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapimwa AFP na altrasaundi kila miezi 6, jingine likaendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: vifo vya saratani ya ini katika kundi lililofuatiliwa vilikuwa pungufu kwa asilimia 37, ingawa si kila mmoja alihudhuria vipimo vyote.

Hapa lazima niseme neno kuhusu vifurushi vya uchunguzi wa afya vinavyouzwa mijini, vyenye orodha ya "vipimo vya saratani" na AFP ikiwemo, kwa mtu yeyote mwenye fedha. Kwa mtu mzima asiye na kirusi cha B wala C, asiye na sirosisi, asiye na uvimbe, AFP haina kazi. Saratani hii ni adimu sana kwake, hivyo namba ikizidi kidogo karibu kila mara sababu ni nyingine, na yeye ataishia kwenye CT skani ya gharama na usiku mwingi wa wasiwasi. Fedha hiyo hiyo ingempatia kipimo cha homa ya ini B, na akikutwa hana, chanjo. Naona ni jambo baya kumuuzia mtu namba ambayo aliyeiuza hana mpango wa kumfafanulia.

Maabara nayo ina mitego yake. Vidonge vya kukuza nywele na kucha mara nyingi vina bayotini kwa wingi, na bayotini nyingi mwilini huvuruga baadhi ya mashine za kupima protini hata zikatoa namba ya chini kuliko ilivyo. Mwambie anayekutoa damu kama unavitumia. Kuna pia hali ambapo AFP ni nyingi kupita kiasi, mamia ya maelfu, mashine ikazidiwa na kuandika namba ndogo. Fundi makini akiona fomu imeandikwa "uvimbe mkubwa wa ini" huizimua damu na kupima upya. Ndiyo sababu ya kumsihi daktari asiache wazi ile sehemu ya fomu inayouliza maelezo ya mgonjwa.

AFP ina wenzake. Wa kwanza huitwa PIVKA-II, ambayo maabara nyingine huiandika DCP. Ni protombini, protini ya kugandisha damu, iliyotoka kiwandani kabla haijakamilika kwa sababu seli ya saratani imeshindwa kutumia vitamini K ipasavyo. Uhusiano wake na hepatoma ulielezwa mwaka 1984. Uzuri wake ni kwamba hupanda kwa baadhi ya wagonjwa ambao AFP yao iko chini. Udhaifu wake ni kwamba hupanda pia kwa mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mwenye upungufu wa vitamini K, na kwa ambaye njia ya nyongo imeziba. Wa pili ni AFP-L3, sehemu ya AFP yenye mkia wa sukari ulio tofauti kidogo. Hutambuliwa kwa kuwa hushikamana na protini inayokamuliwa kutoka kwenye dengu, zile dengu za kawaida za mchuzi. Sehemu hiyo ikizidi asilimia 10 ya AFP yote, hatari ni kubwa zaidi. Japani vipimo hivi viwili ni vya kawaida. Vipo pia vikokotoo vinavyojumlisha umri, jinsia na protini hizo tatu, na kinachojulikana zaidi ni GALAD. Hapa kwetu, mahali ambapo hata altrasaundi ya kila miezi 6 ni shida, sidhani familia ikope fedha kutafuta PIVKA-II kabla ya kupata picha nzuri ya ini.

Picha nzuri inaweza kumaliza mjadala bila sindano. Ini la kawaida hupata damu yake nyingi kupitia mshipa mkubwa unaotoka matumbo, lakini hepatoma hulishwa na ateri. Mgonjwa akidungwa dawa ya rangi kisha akapigwa CT skani kwa awamu kadhaa, uvimbe hung'aa mapema ateri inapojaa, halafu hufifia wakati ini lililouzunguka ndiyo kwanza linang'aa. Kwa mwenye sirosisi, au mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, mwonekano huo ukitimiza vigezo hutosha kuthibitisha ugonjwa. Kwa hiyo ukiandikiwa CT skani ya ini, uliza kama ni ya awamu nyingi na yenye dawa ya rangi. Iliyopigwa bila dawa mara nyingi hulazimisha kurudia, na kulipa mara mbili.

Kinyama hukatwa pale picha inapoacha shaka, pale ini halina historia ya ugonjwa, au pale aina ya matibabu inapodai uhakika. Sindano ndefu nyembamba huingizwa kati ya mbavu, ikiongozwa na altrasaundi, na hutoka na vipande vyembamba mithili ya uzi, vya sentimita moja au mbili. Hatari kubwa ni kuvuja damu, hivyo uwezo wa damu kuganda hupimwa kwanza.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, ndugu wa mgonjwa ndiye hukabidhiwa kichupa akipeleke maabara ya patholojia, pengine mji mwingine, kwa basi. Ndugu huyo anapaswa kujua mambo machache. Kinyama kiwe ndani ya formalini, yaani dawa ya kukihifadhi, kisiwe kwenye maji, spiriti wala chumvichumvi ya dripu, na formalini iwe nyingi, kiasi cha mara kumi ya kinyama. Jina na tarehe viandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa kuwa kifuniko hubadilishwa kirahisi. Kifike mapema, ndani ya siku moja au mbili, maana kikikaa muda mrefu mno humo protini hufungika kiasi kwamba rangi za uchunguzi hazizishiki tena vizuri. Kipande kilichooza njiani hakirudishwi na mtaalamu yeyote. Hapo sindano inaingizwa upya.

Maabara hukiweka kinyama ndani ya nta, nta ikaganda ikawa kibonge kidogo, kisha hukikata kwa tabaka nyembamba zenye unene wa sehemu tatu au nne za elfu ya milimita na kuzitandaza juu ya kioo. Tabaka la kwanza hupakwa rangi za waridi na zambarau kuonyesha umbo la seli. Matabaka mengine hufanyiwa imunohistokemia: kingamwili iliyotengenezwa kutafuta protini moja tu humwagwa juu yake, na palipo na protini hiyo hutokea rangi ya kahawia. Ukichungulia kwenye hadubini unaona viini vya seli vya buluu vilivyotapakaa, na ndani au pembezoni mwa baadhi ya seli kahawia iliyokolea. Mahali kahawia ilipo, kwenye kiini, kwenye ute wa seli au kwenye ukuta wake, pana maana sawa na kuwepo kwake.

Swali la kwanza la mtaalamu wa patholojia ni: seli hizi ni za ini kweli, au zimehamia kutoka titi, utumbo, kongosho au mapafu? Ini hupokea mbegu za saratani za viungo vingi, na matibabu ya saratani iliyohamia ni tofauti kabisa. Hapo hutumika HepPar-1, iliyoelezwa kwanza mwaka 1993, na arginase-1, kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuondoa amonia. Zote mbili zikitoka kahawia, seli hizo ni za ini. Nasisitiza hapa kwa sababu ni mahali ambapo karatasi huwatisha watu bure: HepPar-1 na arginase-1 hutoka kahawia kwenye seli za ini zenye afya pia. "HepPar-1 chanya" haimaanishi saratani. Inamaanisha ini.

Swali la pili, kama seli hizo za ini zimegeuka kuwa saratani, hujibiwa na umbo lake kwanza, kisha protini nyingine. Glipikani-3 ndiyo maarufu. Nayo, kama AFP, ni protini ya ini la kijusi ambayo ini la mtu mzima lenye afya haliitoi, na hepatoma nyingi huirudisha. Uvimbe mdogo wa sentimita moja au mbili kwenye ini lenye sirosisi ni mtihani mgumu hata kwa mtaalamu mzoefu, maana vinundu visivyo saratani hufanana sana na saratani changa. Hapo glipikani-3 husomwa pamoja na glutamini sinthetasi na protini iitwayo HSP70, na mbili kati ya tatu zikitoka kahawia kwa nguvu, uzito unaelemea kwenye saratani. Glipikani-3 hasi haimwondolei mtu ugonjwa, kwa kuwa hepatoma changa zinazofanana na ini la kawaida mara nyingi hazina protini hiyo. AFP yenyewe hupakwa kwenye kioo pia, lakini hukosa saratani nyingi, hivyo usishangae ukiona AFP ya damu ni 5,000 na ya kinyama imeandikwa hasi.

Sitokeratini 7 na 19 ni za seli za mirija ya nyongo. Zikiwepo kwa wingi huku HepPar-1 na arginase-1 hazipo, mtaalamu hufikiria saratani ya mirija ya nyongo, au iliyohamia kutoka kongosho. Sitokeratini 19 ikijitokeza ndani ya hepatoma ya kweli, tafiti zinaonyesha ugonjwa wa namna hiyo hurudi zaidi baada ya upasuaji. Ki-67 huhesabu ni seli ngapi katika mia ziko mbioni kugawanyika. Taarifa hizi mbili humsaidia daktari kukadiria kasi ya ugonjwa, lakini kwa sasa hazimchagulii dawa, na mgonjwa asiziangalie kama hukumu.

P53 inatugusa kwa namna ya pekee. Ni protini inayolinda seli isigawanyike ikiwa urithi wake umeharibika, na jeni yake ikiharibika protini mbovu mara nyingi hujikusanya ndani ya kiini na kuonekana kahawia. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalitangaza kwamba hepatoma za maeneo yenye sumukuvu nyingi zina kasoro ya aina moja kwenye jeni hiyo, mahali pale pale, nambari 249. Sumukuvu ni sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1971, utafiti wa Uganda ulikuwa umeshaikuta katika karibu theluthi ya sampuli za vyakula vya nyumbani, hasa Karamoja, ambako saratani ya ini nayo ilikuwa nyingi. Ikikutana na kirusi cha B, hatari huzidishana. Na ikiwa nyingi kwa mara moja huua ndani ya siku: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi Makueni na Kitui, na mwaka 2016 watu 20 Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kupembua punje zilizobadilika rangi, kukausha kwenye turubai badala ya udongoni, na kutokula wala kuuza karanga chungu ni kazi za jikoni na shambani zinazolinda ini moja kwa moja. Usiwape kuku zile punje mbovu, maana sumu hurudi mezani kupitia mayai na maini.

Baada ya matibabu kuanza, AFP hupata kazi nyingine. Aliyekuwa na AFP ya juu kabla ya kukatwa uvimbe anatarajiwa ishuke kwa nusu kila siku tano hivi, hadi ifike kawaida. Ikigoma kushuka, kuna mabaki. Ikishuka kisha ikapanda tena baada ya miezi, picha hurudiwa hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Ipo hata dawa moja, ramusirumabu, ambayo hupewa tu mgonjwa mwenye AFP ya 400 au zaidi aliyekwisha tumia sorafenibu, dawa nyingine ya saratani ya ini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha muda wa kati wa kuishi wa miezi 8.5 dhidi ya 7.3 kwa waliopewa dawa bandia. Tofauti si kubwa, na ni haki ya familia kuambiwa hivyo kabla ya kuuza shamba. Kwa mtoto mdogo mwenye uvimbe wa ini, aghalabu chini ya miaka mitatu, AFP ni kipimo cha lazima, ila isomwe kwa umri wake wa miezi. Saratani ya ini ya utotoni huitikia vizuri dawa na upasuaji, kwa hiyo tumbo la mtoto linalokua upande wa kulia halingojewi.

Ukienda kwa daktari, beba majibu yote ya AFP yenye tarehe, picha na ripoti zake, majina ya dawa unazomeza pamoja na za mitishamba, na ripoti kamili ya patholojia inayotaja kila kingamwili iliyotumika. Ukipewa rufaa, omba kibonge cha nta kiende nawe, ili hospitali ya pili ipake protini nyingine bila kukuchoma sindano tena. Kama unameza tenofovir, usiiache kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Kuiacha ghafla kunaweza kukifanya kirusi kilipuke upya.

Na mtu mmoja katika familia akigundulika na homa ya ini B au saratani ya ini, mama yake, ndugu zake wa tumbo moja, mwenzi wake na watoto wake wapimwe HBsAg, kipimo kinachoonyesha kama mtu ana kirusi cha B. Ni tone la damu la kidole, majibu kabla ya robo tatu ya saa. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kirusi hiki mwaka 2002, kwa hiyo ndugu wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga yoyote. Atakayekutwa hana kirusi wala kinga achanjwe dozi tatu ndani ya miezi 6. Atakayekutwa nacho aanze kuhesabu miezi yake 6 ya altrasaundi na AFP kadiri daktari atakavyompangia, na namba yake ya kwanza iandikwe mahali ambapo haitapotea.